Jupon: juba lililovaliwa juu ya deraya

Wanafunzi wa historia ya mavazi wakikutana na neno jupon katika maandishi ya karne ya 14, wengi hufungua kamusi ya Kifaransa cha leo, nayo huwapa gagulo. Askari wa farasi aliyevaa gagulo vitani? Kamusi ni sahihi kwa leo, ila neno limehama mwili mzima.

Asili yake ni Kiarabu, jubba: vazi pana la mikono, linalovaliwa juu ya nguo nyingine. Pwani yetu tunalo, juba, la kuvaa juu ya kanzu. Ulaya liliingia zama za kati kupitia Waislamu wa Mediterania. Wahispania walilichukua pamoja na al- yake, kitangulizi cha nomino za Kiarabu, wakasema aljuba, Waitalia giubba, Wafaransa jupe. Kile kiishio -on cha Kifaransa hudogosha, kwa hiyo jupon ni juba dogo.

Udogo huo ndio kiini cha habari. Anayepigana juu ya farasi hataki nguo ya kuburura. Juba likafupishwa, likabana kifua na kiuno, likavaliwa juu ya deraya, vazi la chuma la kujikinga vitani, na kubeba alama za ukoo. Ushahidi bora ninaoujua uko kanisa kuu la Canterbury, Uingereza: jupon ya Edward wa Woodstock, mwana wa Mfalme Edward III, aliyefariki 1376. Ni ya mahameli nyekundu na buluu, imetiwa nyuzi za dhahabu, simba wa Uingereza wakipakana na mayungiyungi ya Ufaransa. Imejazwa ndani na kushonwa mistari ya wima kama godoro. Kwa mamia ya miaka ilining'inia juu ya kaburi lake, na kwamba mahameli imesalia ni jambo la kushukuru sana.

Si zote zilikuwa za kifahari hivyo. Mshairi Geoffrey Chaucer, katika karne hiyohiyo, anamwonyesha shujaa aliyetoka vitani na gipon, yaani jupon kwa Kiingereza cha wakati huo, ya kitambaa cha fustiani, imechafuliwa na deraya yake. Naupenda ushahidi huo kuliko mahameli, maana unaonyesha nguo ikifanya kazi.

Baadaye jupe ya Wafaransa ilishuka kiunoni ikawa sketi, na jupon ikaingia chini yake. Wareno nao, waliosema gibão, walilifikisha neno Japani karne ya 16. Huko likawa juban, nguo ya kuvaa ndani ya kimono.