Sakramentari ya Gelasius: jina la Papa, mikono ya nani?

Kitabu hiki cha sala za Misa kimo Maktaba ya Vatikani kwa namba Reg. lat. 316, na kila kinapotajwa husikika dhana zilezile nne. Kila moja inafungua aya yake hapa chini, na jibu linaifuata.

Kiliandikwa na Papa Gelasius. Huyo alikuwa Papa kuanzia 492 hadi 496; muswada wenyewe, yaani nakala hii ya mkono, ni wa takriban mwaka 750. Jina lake halimo ndani ya kitabu. Lilibandikwa baadaye, kwa kuwa historia ya kale ya mapapa inasema alitunga sala. Ukifungua Sala ya Ekaristi, sala kuu ya Misa, ubishi unakwisha: lipo ombi kwamba Mungu azijalie siku zetu amani yake, na historia hiyohiyo inasema liliongezwa na Gregori Mkuu, aliyechaguliwa Papa mwaka 590.

Kiko Vatikani, basi ni cha Roma. Tuwe wa haki: kichwa chake chenyewe kinajitaja kuwa cha Kanisa la Roma, na sala nyingi kweli zilitoka huko. Ila Ijumaa Kuu kinaombea dola ya Warumi "au ya Wafaranki", yaani watawala wa Gallia (Ufaransa ya leo). Padre wa Roma angeombea dola ya Wafaranki kwa lipi? Wanaotajwa katika Sala ya Ekaristi ni pamoja na Hilari wa Poitiers na Martini wa Tours, watakatifu wa Gallia. Wataalamu wanakiweka karibu na Paris, katika monasteri ya Chelles au ya Jouarre. Roma kilifika karne ya 17 pamoja na vitabu vya Malkia Kristina wa Sweden, vilivyoingia Vatikani mwaka 1690. Kurasa zake za mwisho ziko Paris hadi leo.

Herufi zake za mviringo ni dalili ya ukale. Mwandiko huo, unaoitwa unsiali, ulitumika tangu karne ya 4, kweli. Lakini kufikia karne ya 8 kulikuwa na miandiko midogo ya kazi za kawaida, na unsiali ikatunzwa kwa vitabu vya heshima. Mapambo yanasema zaidi: herufi za mwanzo zimeundwa kwa samaki na ndege, kama walivyopenda Wafaranki wa wakati ule.

Aliyenakili ni mmonaki, mtawa wa kiume. Mbona iwe lazima? Chelles na Jouarre ziliongozwa na mama abesi, mkuu wa kike wa monasteri. Mnamo mwaka 800 masista, wanaodhaniwa kuwa wa Chelles, walinakili vitabu kwa ajili ya askofu wa Köln na kuacha majina yao humo. Mmoja wao aliitwa Girbalda.