Je, wajua? Mtu akitupwa anga-nje bila suti hagandi papo hapo

Makala ya ensaiklopidia kuhusu anga-nje yakiandikwa haraka, aghalabu huingia sentensi ya namna hii: "Anga-nje ni baridi sana, nyuzi -270 za Selsiasi, na mtu asiye na suti huganda papo hapo." Inasomeka vizuri, na filamu zimetuzoesha kuiamini. Ile nambari ina ukweli wake. Yaliyobaki yanahitaji kufutwa.

Nambari kwanza, maana haichukui muda. Ulimwengu mzima umejaa mnururisho hafifu uliobaki tangu enzi zake changa, ambao ugunduzi wake ulitangazwa mwaka 1965. Kitu kikiachwa mbali na nyota yoyote, kwa muda mrefu mno, kitapoa hadi kulingana nao, yaani nyuzi -270 hivi. "Kwa muda mrefu mno" ndiyo maneno yanayosahauliwa. Hiyo -270 ni pale kupoa kunapoishia, wala haisemi kutachukua sekunde au miaka.

Kasi ya kupoa hutegemea njia ambazo joto limeachiwa kutoka, nazo ni tatu. Kuna kugusana, kama kijiko kilichosahauliwa ndani ya uji. Kuna kubebwa: hewa au maji yaliyopata moto huondoka na mengine ya baridi huchukua nafasi yake, ndiyo maana upepo wa kusi ukivuma pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, mtu hujikunyata hata siku isiyo ya baridi. Na kuna kumulika: ukikaa kando ya jiko la makaa uso wako hupata joto, ingawa hewa ya moto inapanda juu na haikugusi.

Sasa chukua themosi ya chai, ile yenye kioo ndani. Kioo hicho kina kuta mbili, na hewa ya katikati imenyonywa. Ukikitoa utaona chini yake kinundu chenye ncha: hapo ndipo hewa ilipotolewa, kisha kikazibwa kwa moto. Ncha hiyo ikivunjika, themosi imekufa. Kioo kinaweza kuwa kizima machoni, bila ufa, lakini chai ya alfajiri itakuwa vuguvugu kabla ya saa nne, kwa sababu hewa imeingia kati ya kuta na kazi ya kubeba joto imeanza. Ile rangi ya fedha ina kazi nyingine: inarudisha ndani joto linalojaribu kutoka kwa kumulika. Linaloponyoka hata themosi ikiwa nzima hupitia zaidi shingoni na kwenye kizibo.

Anga-nje ni lile ombwe la katikati ya kuta, ila halina ukuta wa pili. Mtu aliyeko huko hana hewa ya kumgusa wala ya kumbebea joto. Njia mbili zimefungwa, imebaki ya kumulika tu, na hiyo ina mpaka wake. Mwili usio na nguo, wenye ngozi ya nyuzi 33 na eneo la mita mraba 1.8, hutoa kwa kumulika karibu wati 900, pungufu ya pasi moja ya kawaida ya umeme. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni kama dakika tano kushuka nyuzi moja tu. Na kadiri anavyopoa ndivyo anavyomulika kidogo zaidi, halafu maji ya mwilini yenyewe hudai joto jingi litoke kabla hayajawa barafu. Kwa makadirio, kuganda mwili mzima kivulini huchukua zaidi ya saa kumi. Juani, ambako kila mita mraba hupokea wati 1,361 katika umbali wetu, huenda asigande kabisa.

Hesabu hiyo ni ya ngozi kavu. Sehemu zenye majimaji hupoa haraka, kwa sababu ileile inayofanya maji ya mtungi yawe baridi: maji yakiwa mvuke huondoka na joto. Pasipo shinikizo la hewa, maji huchemka hata katika joto la mwili. Mwaka 1966 huko Houston, suti ya fundi mmoja ilivuja ndani ya chumba cha ombwe. Alipoteza fahamu baada ya sekunde 14 hivi, na jambo la mwisho alilokumbuka ni mate yakichemka ulimini. Hewa ilirudishwa haraka, akapona. Kwa hiyo macho, pua na mdomo vinaweza kupata baridi kali mapema, lakini kinachoua ni kukosa oksijeni, na muda wa kuokolewa ni kama dakika moja na nusu.

Wahandisi, kwa upande wao, huhangaika zaidi kulitoa joto. Kituo cha Anga cha Kimataifa kina mabamba makubwa meupe ambayo kazi yake ni kumulika joto nje, likiletwa na amonia inayozunguka kwenye mabomba. Chini ya suti, mwanaanga huvaa nguo yenye mirija ya maji ya kumpoza, ambayo yote pamoja ina urefu wa karibu mita 90. Mfumo huo wa maji ukiharibika ni hatari: mwaka 2013 mwanaanga Luca Parmitano, akiwa nje ya kituo, alijazwa zaidi ya lita moja ya maji ndani ya helmeti. Vyombo vya Apollo navyo vilizungushwa polepole njiani kwenda Mwezini, mzunguko mmoja kila dakika 20 hivi, mithili ya mshikaki, ili upande wa jua usiungue na wa kivuli usigande.

Apollo 13, chombo kilichopata ajali njiani kwenda Mwezini, huletwa kama ushahidi wa kinyume, na ni haki kuitaja. Aprili 1970, baada ya umeme kuzimwa, chumba kilishuka hadi karibu nyuzi 3. Ndiyo, kilipoa, kwa kuwa vifaa vilivyokipasha vilikuwa vimezimwa. Kilipoa kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo katika makala, andika: "Anga-nje haina joto moja. Kitu kilicho huko hupoa au kupata joto hasa kwa kumulika na kumulikwa, kwa hiyo mwili wa binadamu hupoa polepole." Usiiache -270 bila kusema ni ya wapi. Kwenye njia ya Kituo cha Anga, kilomita 400 juu yetu, chembe za gesi huwa na joto linaloweza kupita nyuzi 1,000, lakini ni chache mno kumuunguza mtu. Ni kama cheche za fundi wa kuchomelea: kila moja ni ya moto kuliko maji yanayochemka, ila ikikudondokea mkononi huisikii sana, tofauti na kikombe cha maji hayo.

Na kati ya galaksi zilizokusanyika pamoja kuna gesi ya makumi ya mamilioni ya nyuzi, nyembamba kiasi cha chembe elfu moja hivi kwa mita ya ujazo. Miongoni mwa vyombo vya kwanza kuonyesha kwamba eksirei zake zimetapakaa katikati ya galaksi hizo ni setilaiti iliyorushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, saa chache tu kwa matatu kutoka Mombasa. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, iliitwa Uhuru.