Ukurasa ukilala, kijajuu kinabaki wapi?

Tasnifu ina kurasa 80 za wima, na katikati yake kuna jedwali moja pana lisilotosha. Mwandishi anaulaza ukurasa huo, jedwali linakaa sawasawa, kisha anatupa jicho kwenye kijajuu (header), yale maandishi yanayojirudia juu ya kila ukurasa: jina la sura liko kushoto panapostahili, lakini namba ya ukurasa imeishia njiani, na kulia kwake pamebaki peupe karibu upana wa kiganja. Nimekaa na watu wengi mbele ya ukurasa wa namna hii. Wengi wao hawakosei mkono, wanakosea dhana waliyoanza nayo.

Dhana: Ukurasa mmoja unaweza kulazwa peke yake.

Word, programu ya kuandikia hati, haiugeuzi ukurasa, inageuza sehemu (section). Mwelekeo wa karatasi, pambizo (margin), kijajuu na kijachini (footer) vyote ni mali ya sehemu, na hati ambayo haijagawanywa ni sehemu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ctrl+Enter inakupa ukurasa mpya tu, haikupi sehemu mpya. Ndiyo maana mtu hulaza ukurasa wa 41 akashtukia hati nzima imelala. Unahitaji mikato miwili ya sehemu (section break), ile inayoitwa "Next Page": mmoja kabla ya jedwali, mwingine baada yake. Huo wa pili ndio husahaulika.

Dhana: Ukishalaza ukurasa, lazima ukate uhusiano wa vijajuu.

Ushauri huu unapatikana kila mahali, nami naamini ndio unaowapotezea watu muda mwingi kuliko mwingine wowote. Sehemu mpya huzaliwa ikiwa imeunganishwa na iliyotangulia, kupitia kitufe cha "Link to Previous". Mtu akiona namba imekaa vibaya, anaulaumu muungano huo, anaukata, anapanga kijajuu upya kwa mkono. Wiki mbili baadaye jina la tasnifu linabadilishwa. Kurasa za wima zinapata jina jipya, ule uliolala unabaki na la zamani, na anayeligundua ni msahihishaji.

Kosa halikuwa la muungano, lilikuwa la kipimo. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiondoa pambizo za sentimita 2.54 kila upande, mstari unabaki na 15.92. Ilaze, upana unakuwa 29.7 na mstari unafika 24.62. Sasa, namba yako ilisukumwa kulia kwa kituo cha Tab, yaani mahali maandishi yanaposimama ukibonyeza Tab, kilichowekwa kwenye 15.92, na kituo hicho ni tarakimu tu: hakijui kwamba karatasi imepanuka. Kwa hiyo namba inasimama sentimita 8.7 kabla ya pambizo.

Tangu toleo la 2007, Word ina dawa ya jambo hili. Fungua kijajuu, futa Tab iliyo mbele ya namba, kisha kwenye menyu ya kijajuu chagua "Insert Alignment Tab", ukitaja upande wa kulia na kuifanya ifuate pambizo. Tab hii haihesabu sentimita, inaitafuta pambizo popote ilipo. Kijajuu kilekile, bila kukatwa popote, kitafika ukingoni kwenye ukurasa wa wima na kwenye uliolala. Ikiwa kijachini chako kina namba peke yake katikati, iliyowekwa kwa mpangilio wa aya, hata hilo halihitajiki. Na ule mstari chini ya kijajuu, uweke kama mpaka wa aya. Mstari uliochorwa kwa kipanya unabaki na urefu uleule uliouchora.

Yapo mazingira ya kukata kweli, pale maandishi yenyewe yanapotakiwa kuwa tofauti. Hapo kata mara mbili: kwenye sehemu iliyolala na kwenye ile inayoifuata, kabla hujagusa neno lolote, la sivyo mabadiliko yatamwagika hadi mwisho wa hati. Na kukata kijajuu hakukati kijachini.

Dhana: Kukata uhusiano huanzisha namba za kurasa upya.

Hapana. Hesabu ya kurasa ina mpangilio wake, kwenye umbo la namba ("Format Page Numbers"). Chagua iendelee kutoka sehemu iliyotangulia.

Dhana: Mkato wa sehemu ni alama tu, ukiufuta hakuna kinachoharibika.

Taarifa za sehemu hutunzwa mwishoni mwake. Ukifuta mkato, maandishi yaliyo juu yanarithi umbo la sehemu iliyo chini. Futa ule ulio kabla ya jedwali, kurasa 40 za mwanzo zinalala kwa pamoja. Bonyeza Ctrl+Z hapohapo.

Wanaotumia LibreOffice Writer, programu nyingine ya kuandikia, hawana muungano wa kukata. Kule kijajuu hufuata mtindo wa ukurasa, kwa hiyo mtindo wa mlalo unahitaji kuwashiwa kijajuu chake na kuandikiwa.

Dhana: Kijajuu lazima kikae juu.

Kwa hati ya kusomwa kwenye skrini, kikae juu. Lakini hati ikichapishwa na kujalidiwa kushoto, juu ya ukurasa uliolala huelekea kwenye mgongo wa kitabu, na namba iliyowekwa chini katikati, kwenye kijachini, inajikuta ubavuni mwa kitabu. Kumbe chochote kilichotiwa nanga ndani ya kijajuu hurudiwa kila ukurasa wa sehemu hiyo, hata kikikaa pembeni kabisa. Hapa ndipo kukata kunastahili. Weka kisanduku cha maandishi ndani ya kijajuu, tia namba, kizungushe nyuzi 90 kufuata mwelekeo wa saa, kipeleke ukingo wa kushoto wa ukurasa unaouona kwenye skrini, katikati ya urefu wake. Chapisha ukurasa huo mmoja, ugeuze usimame, uulaze juu ya jirani yake wa wima, kisha viinue vyote viwili kwenye mwanga. Namba zikiangukiana, umemaliza.