Kwa nini shina la mti hujaa mbao ilhali gome lake hubaki jembamba?

Miti mingi mikubwa ikikatwa, huonekana kwamba karibu unene wote wa shina ni mbao na kwamba gome ni ukingo mdogo tu, ingawa mbao na gome la ndani huzalishwa na tishu moja. Tishu hiyo ni kambiamu, tabaka jembamba la seli hai lililo kati ya vitu hivyo viwili: seli zinazozaliwa upande wake wa ndani huwa zailemu, yaani mbao, na zile za upande wa nje huwa floemu, yaani gome la ndani.

Kwanza, kambiamu huzalisha zailemu nyingi kuliko floemu. Hata hivyo, tofauti kubwa zaidi imo katika hatima ya seli zenyewe. Seli za zailemu zinazopitisha maji huifanya kazi hiyo zikiwa zimekwisha kufa, kwa kuwa kuta zao hukakamazwa na lignini, kisha vilivyomo ndani huyeyuka na kuacha mirija mitupu inayopandisha maji na madini kutoka mizizini. Kuta hizo hazipondeki kwa urahisi, hivyo mbao ya zamani hubaki mahali pake na kufunikwa na mpya. Ile ya katikati kabisa huacha kupitisha maji, na ndiyo maana mti wenye pango shinani huweza kuendelea kuchipua kama kawaida.

Floemu husafirisha sukari kutoka majanini kwa seli zilizo hai na zenye kuta laini, na shina linaponenepa, floemu kuukuu husukumwa nje, hutanuka na kupondeka. Ndani yake huzuka kambiamu ya pili, ambayo huzalisha koki, yaani seli zenye suberini isiyopitisha maji. Chochote kilichobaki nje ya koki hiyo hukosa maji na chakula, hukauka, na hatimaye hubanduka.

Mwaloni wa koki, unaokuzwa Ureno na Hispania, hubanduliwa koki ya kutengenezea vizibo vya chupa takriban kila baada ya miaka 9 bila kufa, kwa sababu floemu yake huachwa salama. Miti mingi ikibanduliwa gome lote hadi kwenye mbao, kuzunguka shina zima, mizizi hukosa sukari na mti hufa. Minazi na jamii yake haifuati utaratibu huu, kwa kuwa haina kambiamu, na zailemu na floemu zake zimetawanyika shinani katika vifungu vidogo vidogo.