Kilichoungua Sicho Kilichoanza

Wiki hii nimeletewa tena bodi ya kifaa cha umeme iliyokwisha kuchomelewa na mwenyewe, na maneno ni yale yale: "Fundi, nimebadilisha kilichoungua, kimeungua tena." Bila shaka kitaungua tena! Kipande cheusi aghalabu ndicho kilichoponzwa, na aliyekiponza amekaa pembeni, anang'aa kama mpya.

Chukua pawasaplai ya kawaida, ile sehemu inayogeuza umeme wa ukutani uwafae vipande vya ndani. Moyo wake ni mosfeti, swichi ya umeme yenye miguu mitatu: geti inayoiamrisha, dreni unakoingilia mkondo na sosi unakotokea. Rezista ndogo (kipande cha kuzuia mkondo) kwenye mguu wa sosi imekuwa mkaa, fyuzi imekatika. Mosfeti haina hata doa, lakini ipime: dreni na sosi zimepiga shoti. Chaji yote ya kapasita kubwa, ile inayohifadhi umeme, ilipita hapo, rezista ikawa njiani. Mara nyingi geti nayo huvuja, umeme ukarudi hadi kwenye aisi, chipu inayoiongoza mosfeti. Kwa hiyo mosfeti, rezista ya sosi, rezista ya geti na aisi mimi huvihesabu kama mgonjwa mmoja.

Kabla ya kugusa, toa chaji ya ile kapasita kwa rezista, si kwa bisibisi. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa hufika kama volti 325, nao hubaki humo hata plagi ikiwa mkononi mwako.

Sasa linalonichosha zaidi: kusoma rangi za rezista iliyoungua. Nyekundu, nyekundu, fedha ni omu 0.22. Ikiungua, fedha inakuwa nyeusi, na mtu anasoma nyekundu, nyekundu, nyeusi: omu 22. Anaiweka, bodi haiwaki, analaumu aisi. Rezista ile kazi yake ni kupima mkondo. Aisi nyingi huzima mosfeti pale volti juu ya rezista hiyo inapofika kama 1. Kwa omu 0.22 hiyo ni zaidi ya ampea 4, kwa omu 22 haifiki hata ampea 0.05. Rangi iliyopita motoni usiiamini. Tafuta mchoro, au bodi nzima ya aina ile ile. Kwenye zile rezista bapa ndogo zilizoandikwa namba badala ya rangi, R22 (omu 0.22) na 220 (omu 22) zinatofautiana mara mia.

Halafu uliza kwa nini mosfeti ilikufa. Dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya snaba, yaani sakiti ya kumeza miruko ya volti, ikiwa imekatika, kila mosfeti utakayoweka itapigwa na mruko wa volti kutoka kwenye transfoma.

Washa mara ya kwanza kupitia balbu ya waya iliyofungwa siriesi, yaani umeme wote wa bodi upite kwanza ndani yake; ya LED haifai. Ikimweka kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, shoti bado ipo.

Na zipo bodi ambazo nimepima kila kitu, kila kitu kizima isipokuwa vilivyokufa, chanzo sikukiona. Huenda umeme wa ukutani uliruka mara moja tu. Hizo naziacha zikifanya kazi na mzigo kwa saa kadhaa, kisha namwambia mwenyewe waziwazi: imepona, lakini kilichoiua sikukipata.