Sanaa ya Nairobi: Tunayoambiana na Yaliyopo

Nimefundisha Kiswahili Nairobi kwa miaka mingi, na kila muhula huchagua Jumamosi moja nikawachukua wanafunzi wachache tukawatembelee wachoraji, wachongaji na waigizaji wa jiji hili. Kabla hata hatujapanda matatu, maswali ni yale yale, na ya wazazi ndiyo makali zaidi. Naandika hapa ninayoyasikia mara kwa mara, na ninavyoyajibu.

"Sanaa ni mambo ya wazungu na matajiri"

Hili lina chembe ya ukweli, na ni vyema kuikubali kwanza. Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari. Mwafrika hakuwa amejengewa ukumbi ule. Hata baada ya uhuru jukwaa lake liliendelea kugombaniwa: mwaka 1976 tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo kuhusu Dedan Kimathi ilipewa siku chache tu, kwa kuwa ratiba ilikuwa imejaa maonyesho ya kigeni. Gallery Watatu nayo, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wachoraji watatu Wazungu, kwa miaka mingi iliwauzia zaidi watalii na wageni waliofanya kazi hapa. Mzazi anaposema "hayo si yetu" hajalitoa neno hilo hewani. Amelirithi.

Lakini historia ina upande wa pili, na huo ndio ninaoupenda kuwasimulia watoto. Mwaka 1963 mwandishi Es'kia Mphahlele, aliyekuwa uhamishoni kutoka Afrika Kusini, alianzisha Chemchemi hapa Nairobi ili Waafrika wapate mahali pa kuandika, kuchora na kuigiza. Mwaka 1965 Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania aliyesomea Makerere, akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa pamoja na wenzake. Jina lenyewe ni utamu wa Kiswahili mtupu: paa yule mnyama mwepesi wa mbuga, na kupaa kwenda juu. Njau aliwakataza wanafunzi wake kuiga, akiwaambia kwamba kunakili kazi ya mwingine ni kumlaza Mungu usingizi. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya Paa ya Paa kule Ridgeways, na kazi nyingi sana zikapotea. Hawakufunga. Walizoa majivu wakaanza upya, na bustani ile ikaendelea kupokea wageni.

Kuhusu pesa, majumba mengi ya maonyesho hayatozi kiingilio. Circle iliyo Lavington, One Off iliyo Rosslyn, na taasisi ya NCAI iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, unaingia bure, unatazama mpaka utosheke, unatoka. Makumbusho ya kitaifa hutoza, ila raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Kinachowazuia watu ni lango. Mwanafunzi mmoja aliwahi kunivuta mkono nje ya jumba la aina hiyo, akaninong'oneza, "Mwalimu, askari akituuliza tunakwenda wapi, tuseme nini?" Nikamwambia aseme, "Tumekuja kutazama maonyesho." Alisema hivyo hivyo. Askari akafungua, akamwonyesha mlango. Basi.

"Eastlands na mitaa ya mabanda hakuna wasanii, kuna mafundi tu"

Hapa nitakaa kidogo, maana dhana hii inanigusa. Naishi Buruburu, huko huko Eastlands. Kwa muda mrefu nilipita karibu na nyumba ambayo kundi la Brush Tu limeifanya studio bila kujua kwamba mle ndani kuna watu wanaochapa michoro, wanaoshona vitambaa na kupaka rangi mchana kutwa. Lango lao ni kama la jirani yeyote. Siku nilipobisha nilikaribishwa chai.

Na huko kutenganisha "fundi" na "msanii" kunatupofusha. Niliwahi kusimama kando ya Jogoo Road nikimtazama mzee mmoja akiandika neno KINYOZI kwenye mabati ya kibanda. Aligongomea misumari miwili, akafunga uzi aliousugua chaki ya buluu, akauvuta kwa vidole viwili na kuuachia. Pap! Mstari ukalala ulionyooka kama umepigwa na rula. Akafanya vivyo hivyo juu yake. Rangi nyekundu ilikuwa kwenye kopo la Kimbo. Mkono wa kushoto ulishika fimbo iliyozungushiwa kitambaa nchani, na juu ya fimbo hiyo aliegemeza kifundo cha mkono wa kuchorea ili usitetemeke.

Nikamuuliza, "Fundi, mbona nafasi za herufi hazilingani?"

"Nafasi napima kwa jicho, mwalimu. Ukipima kwa rula, hiyo I itasimama peke yake kama imekosana na wenzake."

Hilo ndilo somo ambalo wanafunzi wa usanifu hulipia karo. Shule hii ya mabango ndiyo iliyowatoa Otieno Gomba na Otieno Kota wa Kibera. Walikuwa wakiandika mabango huku wamevaa mavazi ya Kimaasai ili wapite wakionekana, watu wakawaita Maasai Mbili. Mwaka 2001 jina hilo likawa kundi, na kundi likawa na studio kando ya barabara, palepale Kibera, ambako jirani huingia akiwa na ndoo yake ya maji mkononi akaeleza anavyouona mchoro.

Wajukuu, kundi la Mukuru, limekwenda mbali zaidi. Mwaka 2022 lilialikwa kwenye documenta, maonyesho makubwa ya sanaa yaliyoanza mwaka 1955 kule Kassel, Ujerumani, na ambayo sasa hufanyika kila baada ya miaka 5. Walipofika hawakujifanya wanatoka kwingine. Waliufunika mlango wa jumba kwa mabati yenye kutu, mgeni akalazimika kupita kwenye kichochoro chenye giza kama cha mtaani kwao kabla hajaona kazi. Nyumbani wana darasa la watoto wa mtaa. Mtoto aliyekulia kando ya mabati yale ameambiwa maisha yake yote kwamba ni uchafu. Nadhani hakuna mhadhara unaoweza kumfanyia alichofanyiwa na mlango ule.

"Matatu ni kelele na fujo"

Kelele zipo, sibishi. Watu wanaoishi karibu na steji wana haki ya kulalamika. Lakini nganya moja, yaani matatu iliyorembwa, ya Rongai au Umoja hupita mikononi mwa mafundi wengi: wa bodi, wa kupuliza rangi, wa viti, wa taa, wa muziki. Sura ya mwanamuziki au mwanasoka ubavuni mwa gari imechorwa kwa bunduki ya rangi, tabaka juu ya tabaka, na mtu aliyejua kivuli kikae wapi chini ya jicho. Kanuni za waziri John Michuki za mwaka 2004 zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, zikaokoa maisha, na michoro ikafifia. Muongo uliofuata ilirudi kwa nguvu. Hakuna jumba la maonyesho linalotazamwa na watu wengi hivyo kila asubuhi.

"Vinyago vya sokoni ni mila ya kale, na vitu vya watalii si sanaa"

Dhana mbili katika pumzi moja, na zote zimekosea. Uchongaji wa Wakamba tunaouona Maasai Market una zaidi kidogo ya miaka 100. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alijifunza huko kwa wachongaji wenyeji, akarudi na ujuzi, akawafundisha watu wake. Kwa hiyo ni jambo jipya lililosafiri kwa miguu ya askari na wachukuzi. Halipungui thamani kwa kuwa changa.

Na kuhusu "vya watalii": Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alikutana na lubugo, kitambaa cha gome la mti kinachotengenezwa Uganda, kwenye soko la watalii hapa jijini, kikiuzwa kama vitambaa vya kuwekea vyombo mezani. Leo anachorea juu yake. Matobo na mishono ya gome huiacha ionekane, na picha zake zimetundikwa kwenye majumba makubwa ya Ulaya na Marekani.

"Anayechora ni aliyeshindwa na masomo"

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, ana shahada ya uzamili kutoka Yale, na mwaka 2019 sanamu zake za shaba zilisimama mbele ya jumba la Metropolitan, New York. Wengine hawakuona darasa la sanaa maishani mwao na kazi zao ni nzuri vilevile. Mtaala wa sasa umeweka sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia 3 za shule ya upili, pamoja na sayansi na masomo ya jamii. Wazazi wanaonijia na hofu hii, mimi huwaomba waketi saa moja tu studio, wamtazame mtu akirudia jicho moja la uso mara ya sita.

"Wasanii hawapendani, kila mtu na lwake"

Ugomvi haukosekani, kama kwenye kanisa au chama chochote. Ila angalia walivyosimama mwaka 2015. Banda la Kenya kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, lilikuwa limejazwa wasanii wengi kutoka China, jambo lililokuwa limetokea pia mwaka 2013. Wasanii wa Nairobi walipaza sauti, wakasaini, wakaandika, mpaka serikali ikajitenga na banda lile. Mwaka 2017 Wakenya wenyewe wakaenda. Au tazama Kuona, kituo cha studio za wasanii. Ilianza mwaka 1995 ndani ya makumbusho, ikahamia Hurlingham, na shirika lililoiendesha lilipoyumba, wachoraji waliokuwa na vibanda vyao pale, vingine ni makontena ya meli, waliunda ushirika wakaendelea kulipa kodi na kufungua lango. Ukifika pale, piga hodi kabla ya kuingia kila kibanda, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ni kazini kwa mtu.

"Nikishanunua mchoro, ni wangu nifanye nitakavyo"

Hili ndilo linalowaumiza wengi, na karibu hakuna anayelijua. Ukinunua picha umenunua kile kitu: fremu, kanvasi, rangi iliyokauka. Haki ya kuichapisha kwenye fulana, kadi au tangazo kwa kawaida inabaki kwa aliyeichora, isipokuwa ameitoa kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda haki hiyo maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake ni ya warithi. Haki huanza kazi inapotiwa kwenye karatasi au ukuta. Si lazima isajiliwe. Hata hivyo kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, humpa msanii ushahidi mkononi.

Mwanafunzi wangu wa zamani alichora ukuta wa mtaa wao: wanawake watatu wakichota maji, mmoja amegeuka kutazama nyuma. Miezi kadhaa baadaye aliwaona wanawake wale kwenye kalenda ya kampuni moja, jina lake halimo. Alipokwenda kuuliza aliambiwa ukuta ni wa umma. Alirudi siku ya pili na daftari lenye michoro ya penseli, tarehe zimeandikwa pembeni, yule mwanamke wa tatu amefutwa na kuchorwa upya mara nne. Walimlipa, si nyingi, na kalenda zilizobaki wakaziondoa.

Siku hizi kila mchoro anaouanza huupiga picha kwa simu ukiwa bado penseli tupu, kisha nyuma ya fremu huandika tarehe na jina lake kamili. Juzi nilimkuta akiwafundisha watoto wawili wa jirani wafanye hivyohivyo kwenye michoro yao ya kuku.