Umeme Mdogo kwa Kichwa Kinachouma Baada ya Ajali

Aliyeanguka na bodaboda, kichwa kikaanza kumuuma ndani ya siku 7 na kikaendelea zaidi ya miezi 3, maumivu yake huhesabiwa kuwa sugu. Kabla ya kuzungumzia tiba ya kupitisha umeme mdogo kichwani, daktari akague mambo mawili. La kwanza ni damu inayovuja taratibu ndani ya fuvu, ambayo kwa wazee hasa huweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye. Maumivu yanayozidi, kutapika, kusinzia ovyo au mkono kulegea: nenda hospitali siku hiyo hiyo. La pili ni dawa zenyewe. Anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita, huenda dawa ndiyo inayokiumiza kichwa sasa.

Tiba hii ya umeme hutumia kifaa cha betri kinachopitisha miliampia 1 hadi 2 kwa takriban dakika 20, kati ya sponji mbili za kama sentimita 5 kwa 7. Moja hukaa juu ya sehemu ya ubongo inayoongoza misuli, nyingine kwenye paji la uso, juu ya jicho la upande wa pili. Kiasi hicho hakizilazimishi seli kufanya kazi, huzibadilishia tu wepesi wa kuitika, ndiyo maana vikao hurudiwa siku kadhaa mfululizo.

Kinachoharibu kikao mara nyingi ni ngozi ya kichwa. Mafuta ya nazi yaliyopakwa asubuhi huzuia umeme, kwa hiyo osha nywele kwa sabuni, fumua misuko, na mwenye hijabu apewe chumba cha faragha. Sponji ilowe maji ya chumvi ya hospitali ya asilimia 0.9, si ya bomba wala ya kisima. Ikikauka, umeme hujikusanya penye mguso mdogo na ngozi huungua. Ikilowa mno, maji huchirizika na umeme hupita juu ya ngozi badala ya kuingia ndani. Jasho hufanya vivyo hivyo, na kwa joto letu la Januari hadi Machi kichwa kikaushwe kwanza. Muwasho mwepesi ni kawaida. Mchomo wa mahali pamoja si kawaida, useme mara moja. Umeme ushushwe polepole, sponji ising'olewe ghafla.

Mwenye kifafa, chuma ndani ya fuvu, tundu la upasuaji au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asifanyiwe bila idhini ya daktari bingwa. Na tafadhali, usijiundie chako kwa betri ya volti 9: hakuna kinachodhibiti kiasi kinachopita.

Utafiti kwa maumivu ya baada ya ajali bado ni mdogo, kwa hiyo tiba hii ni nyongeza tu. Andika kila siku kwenye daftari ukali wa maumivu, 0 hadi 10, na dawa ulizomeza, kuanzia wiki 4 kabla ya kikao cha kwanza.